Herufi Zinazochuruzika Damu

Neno la kwanza la kutisha nililojifunza kulisoma halikuandikwa kwa damu. Liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kibati cheupe, kwenye nguzo ya transfoma, na juu yake palichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana: HATARI. Herufi zile zilisimama wima kama askari wa gwaride. Hazikuchuruzika, hazikuwa na kucha wala meno. Na bado, ndugu msomaji, hakuna mtoto wa mtaani kwetu aliyethubutu kuigusa ile nguzo. Mpira ukidondokea pale tulikuwa tunasukumana, nenda wewe, nenda wewe, mpaka apite mtu mzima.

Nimeanza na nguzo kwa sababu kazi yangu ni herufi, na kwa miaka kadhaa sasa watu wananilipa ili niwatishe watu wengine. Nina meza, kompyuta na printa mbili (moja ni ya kuhesabiwa tu) kwenye steshenari hapa Tabora mjini. Natengeneza kadi za harusi, vipeperushi vya shule, mabango ya mikutano ya injili, ratiba za mazishi. Lakini wateja ninaowapenda, na wanaonichosha kuliko wote, ni vijana wa filamu na wale wanaouza hadithi za kutisha kipande kwa kipande kwenye simu. Hao wakiingia mlangoni najua watakachosema kabla hawajavuta kiti.

"Dada, tunataka ile ya damu."

Ile ya damu. Ndiyo jina lake mjini, kama vile ipo moja tu. Zipo nyingi. Iliyozoeleka zaidi ni Chiller, aliyoichora Andrew Smith mwaka 1995, ambayo ikasambaa dunia nzima ikiwa ndani ya programu za ofisi za Microsoft. Fikiria jambo hilo: herufi iliyokwaruzwa kama kwa kucha, iliyochorwa ili mtu apate baridi ya uti wa mgongo, ikafungiwa kabati moja na barua za kuomba likizo. Karani yeyote anaweza kuibonyeza. Halafu zipo za bure za Google, kama Creepster, ambayo kwangu mimi ni ya katuni zaidi kuliko ya makaburini, na Nosifer, ambayo ndiyo hasa inayochuruzika, matone manene kama ya mchuzi. Vijana wakisema "ile ya damu", mara nyingi wanamaanisha Nosifer bila kulijua jina lake.

Lakini damu ilikuwa inachuruzika Tabora kabla ya kompyuta. Wale mnaovikumbuka vibanda vya video mnajua ninachosema: benchi za mbao, jenereta nje, madirisha yamezibwa kwa magunia, na mlangoni ubao mweusi wenye jina la mkanda wa siku hiyo. Kibanda cha kule Isevya kilikuwa na kaka mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuandika ule ubao. Hakulipwa, alikuwa anaingia bure, basi. Mkanda wa ngumi aliuandika kwa mistari ya haraka kama mtu anayekata kuni. Mkanda wa mapenzi ulipata mikia na vishungi. Na siku ya mkanda wa mashetani alitoa chaki nyekundu, na hapo ndipo sisi watoto tuliokuwa hatuna hela tulikuwa tunakusanyika kumtazama, kwa sababu ule ubao wenyewe ulikuwa sinema.

Siri yake alinipa bure. Tone lisitoke kila herufi, alisema. Chagua mbili. Moja itone kidogo, nyingine itone mpaka chini ya ubao. Damu haitoki kwa foleni.

Baadaye ikaja mikanda ya Kinigeria, majini na fedha za uchawi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Watanzania nao wakaingia uwanjani. Mussa Banzi akatengeneza Nsyuka, kisha Shumileta, na majalada ya filamu za kutisha yakajaa kwenye meza za wauza kanda. Nyuso mbili tatu, moto nyuma, macho yanayong'aa, na jina linatiririka. Kizazi changu kilijifunza usanifu pale, tukiwa tumeinama juu ya meza ya mtu mwingine na bila hela ya kununua.

Sasa nisimame kidogo kwenye ufundi wenyewe, maana najua miongoni mwenu mnaosoma jarida hili wapo wanaotaka kujitengenezea majalada ya vitabu vyao, na mimi nimechoka kusahihisha kazi ileile.

Waliochora fonti hizi walikuwa wanafikiria Kiingereza. Kiswahili kimejaa A. Andika LAANA kwa fonti ya damu uone: una A tatu, na kila A inachuruzika matone yaleyale, urefu uleule, mahali palepale. Mtazamaji hawezi kukueleza kasoro iko wapi, lakini hofu inamtoka. Badala ya kuona jeraha anaona mashine. Dawa ipo na haichukui dakika kumi. Programu za kuchora zina amri ya kugeuza maandishi kuwa umbo. Ukishageuza, ile si herufi tena, ni mchoro, unaweza kuukata. A ya kwanza ikate tone. Ya pili lirefushe. Ya tatu iache kavu kabisa. Yule kaka wa Isevya hakuwa na kompyuta na alilijua hilo.

Halafu kuna suala la miguu. Kitu cha majimaji hukusanyika kwanza mahali pa bapa ndipo kikatone. Kwa hiyo herufi zinazotona vizuri ni zile zenye kitako: E, L, U, B, D, Z. Herufi zenye miguu, yaani A, M, N, K, ukizitonesha unazirefusha miguu tu, zinakuwa kama korongo wamesimama mtoni. MZIMU ni neno zuri sana kwa kazi hii: iachie Z na U wafanye kazi, zile M mbili zikae kimya. DAMU yenyewe ni hivyohivyo, D na U. MCHAWI, kwa upande mwingine, ni neno gumu. Halina pa kutonea. Nitalirudia neno hilo baadaye kwa sababu nyingine.

Na ng' je? Sisi Tabora tuna kata nzima inaitwa Ng'ambo. Fonti nyingi za bure hazina ule mkwaju mdogo wa juu, aliyechora alichoka akaishia kwenye Z. Unaandika NG'AMBO unapata NG, kijisanduku kitupu, AMBO. Nimeona bango limebandikwa mjini na kijisanduku chake, watu wanalipita hawaoni ajabu. Mimi nauchora mkwaju kwa mkono, nauchonga kama msumari. Na hizo za bure, soma lile faili dogo linalokuja nazo. Nyingi zimeandikwa kuwa ni za matumizi binafsi tu, na filamu ya kuuza si matumizi binafsi.

Jingine, na hili nasema kwa uchungu: damu ni ya jina la kazi tu. Nimeletewa bango zima limeandikwa kwa Chiller, jina la filamu, waigizaji, tarehe, ukumbi, namba ya simu. Kiingilio shilingi elfu moja, nacho kimekwaruzwa kwa kucha. Nani atakilipa? Na usiweke nyekundu juu ya nyeusi halafu ukampa mtu akatoe fotokopi. Kwenye mashine ya nyeusi na nyeupe nyekundu inageuka nyeusi, jina linazama, unabaki na karatasi ya kiza. Jamaa mmoja alitoa nakala mia mbili namna hiyo. Aliyatumia madaftari ya watoto kuyafungia.

Basi hayo ndiyo ya mezani. Lakini ukikaa na herufi hizi muda mrefu swali linakuja lenyewe: hivi kweli zinatisha?

Filamu iliyowatia watu hofu kuliko nyingi, The Exorcist ya mwaka 1973, bango lake lina mwanamume mwenye kofia amesimama chini ya taa, na jina limeandikwa kwa herufi za kistaarabu ambazo ungeweza kuzikuta kwenye kitabu cha sala. Majalada ya vitabu vya Stephen King yalivaa kwa miaka Benguiat, fonti ya mwaka 1977 ambayo ina mapozi lakini haina hata tone. Waliotengeneza Stranger Things mwaka 2016 waliirudia hiyohiyo na ulimwengu mzima ukaitambua. Hofu ilitoka kwenye hadithi ikaingia kwenye herufi, si kinyume chake. Vijana wengi hapa mjini hupenda ile herufi nzito ya Kijerumani, yenye pembe na miiba, wanaiita ya kishetani. Kumbe Wajerumani walichapia magazeti yao na Biblia zao na hata vitabu vya watoto kwa herufi za aina hiyo. Mtoto wa Berlin wa mwaka 1900 alijifunza kusoma habari za sungura kwa herufi ambayo kijana wa Kanyenye anaiweka kwenye bango la zimwi.

Hata hivyo wapo walioiogopa herufi yenyewe kiasi cha kuitungia kanuni. Mwaka 1954 wachapishaji wa vitabu vya katuni vya Marekani, baada ya wazazi na wanasiasa kuwashambulia, walijiwekea kanuni: kusiwe na neno la kutisha wala la kuogofya kwenye jina la kitabu, na neno "uhalifu" likitumika, herufi zake zisiwe kubwa kuliko za maneno mengine ya jina hilo. Ukubwa wa herufi ukawa suala la maadili. Nilipolijua hili kwa mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi sicheki sana, nitaeleza.

Nikitaka kujua herufi ya kutisha ya kwetu inafananaje, sianzi na kompyuta, naanza na njia. Tabora imekaa juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Ile miembe mizee unayoiona kuelekea Kwihara, sisi watoto tulikuwa tunaambiwa tusipite chini yake magharibi, kuna watu waliochoka wamekaa. Hawakusema mizimu, walisema watu waliochoka. Mpaka leo sijasikia sentensi ya kutisha kuishinda hiyo, wala haina kelele.

Njia ile ilikuwa na maandishi yake, na maandishi yale yalikuwa ya herufi za Kiarabu. Barua za wafanyabiashara, hesabu za pembe kwa frasila, hesabu za watu. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapahapa Tabora, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi hizo, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Anasimulia vita na pembe na watu waliotekwa kwa utulivu wa mtu anayesoma risiti. Hakuna mkono uliotetemeka. Ukitaka kujua ubaya ulivyo, utazame pale unapoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Na herufi hizohizo ndizo zilizotumika kufukuza hofu. Kombe, wengi mmelinywa au mmemwona bibi akilinywa: aya inaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, inaoshwa kwa maji, maji yananywewa. Hirizi nayo ni herufi zilizokunjwa na kushonewa ngozi, hakuna anayezisoma. Mwalimu anayeandika kombe hawezi kuandika ovyo. Mwandiko lazima uwe safi, maana anayesomewa si mgonjwa tu, yupo na jini. Kwa hesabu hiyo, jini linaogopa mwandiko mzuri. Sijui Nosifer lingeliona vipi.

Hata waganga wa mjini wanalijua hili. Mwaka 2015, kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, na kwa muda vibao vyao vikapungua barabarani. Vitazame vile unavyovikuta bado, popote nchini: kibati kidogo, MGANGA, namba ya simu, magonjwa anayotibu. Herufi zimenyooka kama za duka la dawa. Hata mmoja hajawahi kuniletea kazi ya damu inayochuruzika. Yeye anataka mteja aingie, hataki akimbie.

Kuna kitu kimoja cha Tabora kilichoandikwa kwa hofu ya kweli, nacho ni sarafu. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamebanwa kila upande na vita, fedha hazifiki kutoka kwao, wakaweka mashine kwenye karakana ya reli wakaanza kugonga fedha zao wenyewe: rupia 15 za dhahabu iliyotoka machimbo ya Sekenke, zenye tembo mbele ya mlima, na heller 20 za shaba na za shaba nyeupe. Zina T, yaani Tabora. Wanaokusanya sarafu hizi za heller huzipanga kwa umbo la L. Katika baadhi L imechongoka, katika nyingine ina kijipinda. Mihuri ilichongwa kwa mkono na kwa haraka, na haraka ile imebaki ndani ya herufi mpaka leo. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora. Nikitaka kumwonyesha mwanafunzi wangu herufi yenye woga, ninamwonyesha picha ya ile L, siyo tone.

Na siku hizi ipo nyingine ambayo kila Mtanzania anaijua, ile X nyekundu kwenye ukuta, na pembeni yake BOMOA. Waliokuwa na nyumba kandokando ya barabara ya Morogoro, Kimara mpaka Kiluvya, wanaijua ilivyofika mwaka 2017. Mtu anakuja na kopo na brashi pana, rangi imetiwa thina nyingi ili iende mbali, anapiga X na kuondoka kwenda nyumba ya pili. Kwa sababu rangi ni nyepesi, inachuruzika. Tone la kweli kabisa, lisilo na msanii. Mtu anaamka asubuhi anakuta ukuta wake umetoa damu. Baada ya kuiona ile, kijana akiniambia bango lake halitishi vya kutosha niongeze matone, nakosa la kumjibu.

Sasa nirudi kwenye neno lile.

Bibi yangu mzaa mama alilima tumbaku Sikonge. Anayelima tumbaku ya mvuke anajua bani maana yake nini: ile nyumba ya kukaushia, ambayo moto wake hauruhusiwi kuzimika wala kuzidi, usiku na mchana, karibu juma zima. Mtu analala mdomoni mwa tanuru, anaamka, anasukuma gogo, anatazama kipimajoto, analala tena. Bibi aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Ongeza na moshi wa jikoni. Tangu namkumbuka macho yake yalikuwa mekundu, mekundu hasa, kingo na mboni zake zote zimezungukwa na wekundu, na yanatoa machozi bila kilio.

Wasomaji wa Dar pengine mtauliza, kwani kuna nini. Huku kwetu Unyamwezini na Usukumani hamhitaji kuuliza. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga, usiku, kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi unaotajwa ni macho mekundu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji haya katika ripoti zake. Wekundu ule ni wa kuni mbichi, ni wa mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa kinapokosekana kuni. Ni macho ya mtu aliyepikia wengine maisha yake yote. Kwetu ilianza jirani alipofiwa na mtoto, na watu wakaanza kumsalimia bibi kwa mkato. Mwangaluka ikawa fupi. Mama hakusubiri. Alimchukua kwa basi la alfajiri akamleta mjini na mfuko mmoja, shamba likabaki kwa wajomba. Bibi alifariki kitandani kwake, kwa uzee, na katika familia yetu hilo ni jambo tunalolitaja kwenye sala ya shukrani.

Kwa hiyo walipokuja vijana wawili wa Ipuli mwaka jana na flashi yao, nilikuwa mtu mbaya wa kumletea ile kazi. Au mzuri. Filamu yao ilikuwa na neno LAANA na neno BIBI kwenye jina. Walikuwa wameishuti kwa simu, wiki mbili, kwa hela zao za kubeba mizigo stendi, na nawaheshimu kwa hilo. Wakafungua picha. Kikongwe amekaa nje ya nyumba ya tope juu ya kigoda, anatazama kamera, kitenge kichwani.

"Dada, hapa macho tuyawashe nyekundu, halafu jina hapa juu ile ya damu, idondokee kwenye kichwa chake."

"Huyu bibi ni nani?"

"Wa kijijini tu. Tulipita kule Uyui kushuti tukamwona amekaa. Sura yake inauza, dada, we acha tu."

"Anajua mnamweka kwenye bango?"

"Tulimpa hela ya sabuni."

Nikawauliza bango watalibandika wapi. Kote, wakasema. Stendi, sokoni, kwenye minada. Mnada wa upande gani? Wakautaja. Ni mnada ambao watu wa kijiji cha yule bibi wanakwenda kuuza mbuzi. Nilinyamaza nikawaacha wasikie walichosema. Yule mdogo alisikia kwanza, akaangalia chini. Mkubwa alikuwa na hoja yake, na si ya kijinga:

"Lakini dada, watu wanajua filamu ni igizo. Wanigeria wanaweka vibibi kila siku."

"Wanaweka waigizaji," nikamwambia. "Huyu watu wa mnadani hawalijui jina la filamu yako, ila sura yake wanaijua. Nusu yao hawatasoma maandishi. Wataona bibi wa nyumba ya tatu, macho mekundu, damu juu ya kichwa."

Hapa ndipo nilipoielewa ile kanuni ya Wamarekani ya mwaka 1954, ingawa siipendi. Herufi ya damu haikai peke yake. Inamtaja aliye chini yake. Iweke juu ya nyumba, nyumba inakuwa na mashetani. Iweke juu ya mtu, umeshamwita jina. Kompyuta yangu ingelifanya kwa dakika moja, wala hakuna sheria niijuayo ambayo ingenizuia. Macho yenyewe hayakuhitaji hata kuwashwa. Yalikuwa mekundu tayari.

Tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Mkubwa alitishia kwenda steshenari nyingine, nikamwambia mlango uko wazi, na nilimaanisha, ingawa shilingi elfu kumi na tano ile nilikuwa naihitaji. Aliyeniokoa ni yule mdogo. Alisema, kwa sauti ya chini kama anajisemea, kwamba kwenye filamu yenyewe bibi ni dada yake, msichana wa miaka kumi na tisa waliyempaka unga kwenye nywele. Picha ya kikongwe haimo hata sekunde moja. "Tutakuwa tumewadanganya wateja," akasema. Kwa mkubwa hoja ya udanganyifu wa kibiashara ilikuwa na uzito kuliko yangu yote. Sawa tu.

Bango lililotoka lina kigoda kitupu mbele ya mlango uliofungwa. Kigoda kile nilikipiga picha nyumbani kwa mama, ni cha bibi. Jina nililiandika kwa herufi nene nyeupe zisizo na pambo, na kwa sababu mkubwa alikuwa amekwisha kuvumilia mengi nikampa tone lake: moja, kwenye L ya LAANA, refu, linashuka mpaka kwenye kigoda. A zote kavu. Kama lilileta watu ukumbini sijui, wao wanasema walijaza, na vijana wa filamu huwa wanasema walijaza.

Picha ya yule bibi niliwaomba waifute. Waliifuta kwenye flashi mbele yangu. Kwenye simu yao wanasema wameifuta pia. Nikipita njia ya Uyui huwa natazama nguzo.

Mwezi uliopita walirudi, safari hii na hadithi ya Ng'wanamalundi, yule mganga wa Usukuma ambaye wazee wanasimulia alikuwa akinyoosha kidole na miti ikakauka. Wamempata mwigizaji, mzee wa kweli, amekubali na wamemlipa. Wanataka jina lijae bango zima, kwa ile ya damu. Nimewaambia fonti yao haina ng', warudi Jumatatu, mkwaju nitauchora kwa mkono.